Shajara ya mradi: maktaba ya milio, na IST iliyoambiwa injini imekufa

Mradi wenyewe

Hapa gereji, Tabata, Dar es Salaam, tunakusanya milio ya injini. Gari likiingia na lile lalamiko la "fundi, kuna kitu kinagonga", tunalirekodi kwa simu kabla hatujagusa nati hata moja. Kisha rekodi inapewa karatasi yake: injini ilikuwa ya baridi au ya moto, ilikuwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa moto) au imebeba mzigo, mlio ulisikika upande gani, tulifanya nini, na tulipofungua tulikuta nini. Sheria ni moja tu. Rekodi haihesabiki kuwa imekamilika mpaka chanzo cha mlio kionekane kwa macho. Maoni ya fundi, hata awe mkongwe vipi, hayajazi nafasi hiyo ya mwisho kwenye karatasi.

Kilichonisukuma ni hukumu za haraka. Dereva anasikia ta-ta-ta, anapita kijiweni, anaambiwa konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenkshafti) imekwisha, na jioni hiyo hiyo ameshatafutiwa injini ya mtumba Shauri Moyo. Injini aliyokuwa nayo inachukuliwa kwa bei ya chuma chakavu. Wengi wa watu hawa gari ndiyo ajira yao, na ada za watoto zinatoka humo humo. Inaniuma. Ndiyo maana nataka vijana wanaojifunza kwangu wapate masikio kwanza, spana zifuate.

Jumatatu

Imeingia Toyota IST, NCP61, yenye injini ya 1NZ-FE ya cc 1,497. Mwenyewe anafanya teksi za mtandaoni. Ameshaambiwa kwingine kwamba konrodi ya silinda ya pili imelegea na dawa ni kubadilisha injini nzima. Amekuja kwangu, nadhani, zaidi kutafuta mtu wa kumpunguzia bei ya kufunga hiyo nyingine.

Nikamwambia tuanze na maswali.

"Kaka, unapiga saa ngapi zaidi?"

"Asubuhi, fundi. Nikiwasha tu unapiga sana. Nikishafika Buguruni umepungua, mchana sometimes hausikiki. Ila kuna mwingine wa kuvuma, ule hauondoki. Ukikanyaga moto na wenyewe unapanda."

Hapo tayari nimeshika kalamu. Mlio wa konrodi una tabia ya kukua kadiri injini inavyopata joto, kwa sababu oili ya moto ni nyepesi na haikingi tena nafasi iliyopanuka kati ya beringi na krenkshafti, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Huyu anasema wake unapungua. Hilo peke yake halimalizi kesi, lakini linatosha kumwambia asitoe hela ya injini leo.

Akaongeza kwamba aliwahi kupeleka ndugu zake Iringa, na kwenye kupanda mlima Kitonga gari lilitoa mlio mkali wa kuchatuka, kama changarawe kwenye bati, mpaka aliporudisha gia. Huo nimeuandika kwenye karatasi ya peke yake. Ni mchanganyiko wa petroli na hewa kujilipukia ndani ya silinda nje ya zamu yake, na huja pale injini inapobebeshwa mzigo mzito kwa mizunguko midogo huku imechemka. Masizi juu ya pistoni na plagi zilizochoka huuchochea. Injini hii ina sensa yake inayousikiliza mlio huo na kurudisha nyuma muda wa kuwasha, kwa hiyo dereva akiusikia wazi ujue sensa imeshazidiwa. Kukanyaga zaidi ukiwa gia kubwa ndiyo namna ya kuvunja pistoni. Alifanya sawa kurudisha gia.

Stiki ya oili inaonyesha kiasi ni sahihi, ila oili ni nyeusi tii. Filta ni ya jina nisilolijua na rangi yake inabanduka kwa kucha. Tumelilaza gari hapa hapa. Mlio wa asubuhi lazima usikilizwe asubuhi.

Jumanne

Vijana walifika mapema. Simu moja imewekwa juu ya injini, nyingine chini karibu na sampu (bakuli la oili), mashine ya kusoma kompyuta ya gari imechomekwa. Nikawasha.

Kwanza ilikuja "krrr" fupi sana upande wa cheni ya taimingi, ile inayounganisha krenkshafti na kamshafti, ikakata. Halafu ta-ta-ta, kavu, ya juu juu, mara kwa mara bila kupotea hatua. Na chini ya zote mbili kuna mvumo, "nguuu", usiobadilika.

Kwa hiyo ni milio mitatu, na hapo ndipo penye kazi kubwa kuliko kufungua. Masikio yakisikia kelele nyingi kwa pamoja huzikusanya kuwa kitu kimoja kibaya. Nilimwagiza kila kijana afuate mlio mmoja tu, asijali mingine, na aandike ulianza lini na uliisha lini. Ule wa kwanza uliisha kabla sijatoa mkono kwenye ufunguo. Wa pili ulififia taratibu joto la injini lilipokuwa linapanda. Wa tatu haukujali joto hata kidogo.

Tukahesabu. Kompyuta ilionyesha mizunguko 1,200 kwa dakika, maana injini ya baridi huanza juu. Hiyo ni krenkshafti kuzunguka mara 20 kwa sekunde. Kamshafti, inayofungua vali, huzunguka nusu yake, mara 10. Tukaivuta rekodi kwenye simu, programu ikatuchorea mawimbi, na zile ta zikasimama waziwazi kama meno: kumi ndani ya kila sekunde. Kijana mmoja akaruka: "Tapeti!" Yaani kile kikombe kati ya kamshafti na vali.

Ni jibu zuri la haraka, lakini subiri. Kinachotokea mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenkshafti si tapeti peke yake. Silinda moja huwaka mara moja kwa mizunguko miwili, na hutoa moshi mara moja kwa mizunguko miwili. Kama gasketi ya manifoldi ya eksozi (bomba linalopokea moshi wa silinda zote) inavuja mbele ya silinda moja, moshi utachomoka pale kwa kishindo kidogo mara kumi hizo hizo kwa sekunde. Na konrodi iliyolegea nayo hugonga kwa nguvu zaidi pale silinda yake inapowaka. Hesabu imetuondolea vitu vinavyozunguka kwa kasi nyingine, kama altaneta na pampu ya maji. Washukiwa watatu wamebaki kwenye benchi.

Mchana tukaua silinda moja moja. Watu wengi huchomoa koili, inayoleta umeme wa plagi. Mimi nachomoa waya wa nozeli, inayomwaga petroli, kwa sababu ukichomoa koili petroli inaendelea kumiminwa bila kuwaka na inaenda kuchemsha masega ya kusafisha moshi kwenye eksozi, kitu cha bei mbaya. Tulifanya injini ikiwa bado vuguvugu, kabla ta-ta-ta haijapotea. Silinda ya kwanza: mlio uko pale pale. Ya pili: mlio umeanguka, karibu kunyamaza. Ya tatu na ya nne: upo.

Sasa nimeelewa fundi wa kwanza alifikaje kwenye hukumu yake. Kipimo chake kilikuwa halali na alichosikia ni kweli. Silinda isipowaka, pistoni haisukumwi kwa nguvu, na konrodi iliyolegea inapoa kugonga. Tatizo ni kwamba silinda isipowaka haitoi moshi wenye presha vilevile, na eksozi inayovuja nayo inanyamaza. Kipimo hiki kinamwachia tapeti mmoja aende nyumbani, kwa sababu kamshafti inampiga hata silinda isipowaka na mlio wake haubadiliki. Wawili waliobaki hakiwatenganishi. Nilitaka vijana waione hoja hii mpaka waichoke, na nikaichora ubaoni: washukiwa upande mmoja, vipimo juu, na kila kipimo kimemtoa nani.

Kilichobaki ni joto na presha ya oili. Nimefunga geji ya presha mahali pa swichi ya taa ya oili na kuipasha injini mpaka feni ya rejeta ikawaka. Presha haikuyumba ikiwa sailensa, na ilipanda vizuri nilipoongeza moto. Bomba refu la chuma nimeliweka sikioni, ncha kwenye sampu: hakuna mdundo. Ncha juu, karibu na manifoldi ya eksozi: hapo ndipo panaposema.

Jumatano

Leo ni siku ya mvumo.

Mkanda wa pembeni kwenye 1NZ huendesha altaneta, kompresa ya AC na pampu ya maji. Kabla ya kuutoa, kijana alinyunyizia maji kidogo upande wa mbavu huku injini ikinguruma. Mkanda ukilia zaidi baada ya maji, umelegea au tensheni imechoka. Ukinyamaza halafu ukarudi ukikauka, basi puli hazijakaa kwenye mstari mmoja. Huu haukubadilika kwa lolote, kwa hiyo mkanda wenyewe hauna kosa.

Tukautoa, tukawasha kwa muda mfupi tu. Hili nalisisitiza kwa vijana kila mara: kwenye injini hii pampu ya maji inategemea mkanda huo, hivyo ukiwasha bila mkanda maji hayatembei. Unasikiliza, unazima. Mvumo haukuwepo kabisa. Injini ilitulia mpaka mwenye gari, aliyekuwa amekaa kwenye tairi anakunywa chai, akasimama kuangalia kama imezima.

Halafu mkono. Puli ya pampu ya maji inazunguka laini na haina mchezo ukiivuta huku na huku. Ya kompresa iko vizuri. Ya altaneta, ukiizungusha polepole kwa kidole, unaisikia kwenye ngozi kabla ya sikio: kuna mikwaruzo midogo midogo, kisha inashikia kidogo mahali fulani, kisha inaachia. Nilimpa kila kijana aishike, na aliyeisikia nikamwambia aieleze kwa maneno yake mwenyewe kwenye karatasi. Altaneta imefunguliwa, beringi ya mbele imekauka grisi na vigololi vyake vimebadilika rangi kwa joto. Beringi zote mbili zimebadilishwa na fundi wa umeme jirani. Mvumo umekufa, karatasi imekamilika.

Alhamisi

Eksozi. Injini ya baridi kabisa, maana moto huvimbisha chuma na kuziba ufa, ndiyo sababu mlio ulikuwa unaisha njiani. Tulichukua blowa, tukaichomeka kwenye bomba la nyuma na kuzungushia matambara, ikawa inasukuma hewa kinyume kurudi kwenye injini. Kisha maji ya sabuni kwa brashi kwenye kila kiungo cha manifoldi. Kwenye silinda ya pili povu likaanza kukua polepole, likapasuka, likaota jingine.

Tulipotoa kinga ya joto tukaiona njia yenyewe: mstari mweusi wa masizi, mwembamba kama uzi, umetoka kwenye ukingo wa gasketi na kupanda juu ya chuma. Stadi (boliti isiyo na kichwa) moja ya pale imekatika na nati yake haipo. Kipande cha stadi kimebaki ndani ya silinda hedi, kimelingana kabisa na uso wa chuma. Hii nayo nimeipiga picha, kwa sababu nataka mtu akisikiliza rekodi ya ta-ta-ta aone uzi ule mweusi sambamba nayo.

Kutoa kipande cha stadi kumekula muda. Silinda hedi ni aluminiamu na stadi ni chuma, na zimekaa pamoja kwa joto na kutu miaka. Ukiwa na haraka unaharibu uzi wa hedi. Tumeloweka kwa mafuta ya kulainisha, tukapasha joto pembeni yake, tukaacha, tukarudia, kisha kijana mwenye mkono mtulivu kuliko wote akatoboa katikati kwa biti ndogo na kukitoa kwa kifaa cha kuzungusha kinyume. Uso wa manifoldi tumeupima kwa rula ya chuma na fila geji (vibati vya kupimia nafasi), haujapinda. Gasketi mpya, stadi mpya, nati mpya zote.

Ijumaa

Kazi ya IST imesimama kidogo kwa sababu Mungu ametuletea tulichokuwa tunakihitaji. Noah ya 3S-FE imevutwa kwa kamba, imeendeshwa ikiwa haina oili. Mwenyewe anaomba tu tumwambie ukweli.

Tumeijaza oili na kuiwasha kwa sekunde chache, simu zikiwa tayari. Hii ndiyo konrodi. Ni mdundo mzito, "ngo, ngo, ngo", unatoka chini, na unaupata kwenye nyayo ukisimama karibu. Ukiongeza moto kidogo halafu ukaachia, unapiga mfululizo mbaya wakati mizunguko inashuka. Geji ya presha ikiwa sailensa ilikuwa inalala karibu na sifuri. Tukachomoa nozeli ya silinda ya tatu: mdundo ukapungua, sawasawa na ta-ta-ta ya IST ilivyopungua.

Nilifurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Si kwa msiba wa mwenye Noah, la. Ni kwamba vijana sasa wana rekodi mbili zinazojibu kipimo kimoja kwa jibu moja, na wamesikia wenyewe jinsi magonjwa yenyewe yalivyo mbali. Sampu imeshushwa, oili imejaa vumbi linalong'aa. Vipande vya beringi ya konrodi ya tatu vimeliwa mpaka vimekuwa vyembamba upande mmoja, na krenkshafti ina michirizi unayoikwaruza kwa ukucha. Huyu tumemwambia kwa upole, krenkshafti itoke ikapimwe kwa fundi wa mashine, na huenda injini nyingine ikamgharimu nafuu.

Jumatatu ya pili

Tumerudi kwenye IST. Tumefungua kifuniko cha juu, kwa kuwa tulihitaji kuhakikisha tapeti kwa vipimo, si kwa hoja peke yake. Kwenye 1NZ-FE nafasi inayotakiwa injini ikiwa ya baridi ni milimita 0.15 hadi 0.25 kwa vali za kuingiza na 0.25 hadi 0.35 kwa za kutoa. Zote 16 ziko ndani ya mipaka. Kuna mtu alimshauri mwenye gari akafanye "kukaza tapeti". Injini hii haina skrubu ya kukaza. Nafasi ikizidi unanunua tapeti ya unene mwingine, unaivua kamshafti na kuibadilisha. Anayekuambia atakukazia kwa bisibisi hajaifungua 1NZ.

Oili mpya 5W-30, lita 3.7 pamoja na filta. Ile filta ya zamani tumeikata kwa msumeno. Kipira kinachozuia oili isirudi chini injini ikizimwa kimekakamaa kama ganda la embe kavu, hakikuzuia chochote. Maana yake kila asubuhi njia za oili zilikuwa tupu, na cheni pamoja na gia ya VVT-i (inayosogeza muda wa vali kufunguka) zilianza kazi kavu mpaka presha ifike. Gia ile ina pini inayoifunga mahali pake injini ikizimwa, na kikaza cheni kinasukumwa na oili. Zote mbili zikikosa oili kwa muda huo mfupi hutoa "krrr" inayofanana sana. Plagi nazo tumebadilisha, kwa ajili ya ule mchatuko wa Kitonga.

Jumanne, asubuhi

Imelala usiku kucha, imewashwa ya baridi. Ta-ta-ta haipo. Mvumo haupo. "Krrr" ipo bado, lakini imefupika mpaka ni chembe ya sauti. Kwenye rekodi inaonekana, kwa sikio lazima uwe unaisubiri. Kompyuta haina kodi (namba ya hitilafu) yoyote, na hasa haina P0016, ambayo ingeonyesha kamshafti na krenkshafti zimepishana kwa cheni iliyorefuka.

Vijana walitaka tuendelee tufungue mbele. Nimekataa. Kikaza cheni cha injini hii kiko nyuma ya kifuniko cha taimingi, na kukifungua ni kazi kubwa yenye gharama ambayo dalili hizi haziistahili leo. Mwenye gari nimemwambia hivyo hivyo: "Kaka, huu mmoja bado uko, tunaujua ulipo. Ukizidi sekunde moja au taa ya cheki injini ikiwaka, usisubiri, njoo." Abadilishe oili kwa wakati na kuweka filta ya kueleweka, nasi tutaurekodi tena kila akija.

Amelipa beringi, gasketi, stadi, oili, filta, plagi na ufundi, akaondoka kwenda kupokea abiria Segerea. Karatasi mbili za IST na ile ya Noah zimeingia kwenye faili la zilizokamilika. Ya Kitonga na ya "krrr" zimebaki upande wa pili, na kwenye mstari wa mwisho wa kila moja tumeandika: haijathibitishwa.